Mtoto wangu hana laminini mwilini, je nimpe ile ya kopo?

"Shikamoo daktari. Mwanangu wa kiume ana mwaka mmoja na miezi minne, hadi leo hajakaa mwenyewe, ukimwinua analegea kama kitambaa kilicholowa. Tumezunguka hospitali, mwisho damu ikapelekwa nje kupimwa vinasaba, jibu limeandikwa LAMA2, tukaambiwa ni ugonjwa wa misuli wa kuzaliwa nao, mwili hautengenezi protini inaitwa laminini. CK yake 2,900. MRI ya kichwa ina weupe sehemu kubwa, mimi nimeelewa ubongo umeharibika. Mama mkwe anasema kwao ugonjwa huo haupo, umetoka kwetu. Jirani anasema ni chanjo. Mwenzangu kazini kanitumia video kwamba laminini ina umbo la msalaba na ndo inaushikilia mwili mzima, chini kuna namba ya mtu anauza laminini ya unga, kopo sh 185,000, nishanunua moja. Hii laminini ni kitu gani hasa, na kama mtoto hana si nimpe tu hiyo? Na nikizaa tena je?"

Marahaba mama, na pole kwa mzunguko wote huo. Nimeusoma ujumbe wako mara tatu maana humo ndani kuna maswali kama sita, nitaanza na la kopo kwa sababu hilo ndo linakula hela sasa hivi: usinunue la pili. Sababu yake sio ya mstari mmoja, inabidi kwanza uijue laminini yenyewe imekaaje, ukishaijua utaona mwenyewe kwa nini hainyweki.

Unaijua kamba ya usumba, ile inayosokotwa kutoka kwenye makumbi ya nazi? Basi laminini ni hivyo hivyo. Ni nyuzi tatu za protini, wataalamu wameziita alfa, beta na gama, na kila uzi unatoka kwenye jeni yake. Sehemu ya chini nyuzi zote tatu zimesokotana zikawa kamba moja ndefu, juu zimeachana, kila mmoja umekwenda upande wake, kwa hiyo unapata mikono mitatu mifupi na mmoja mrefu. Uzi wa alfa ndo mrefu kuliko wenzake, kule chini kamba inapoishia wenyewe unapitiliza na kujifunga mafundo matano, na hayo mafundo matano ndo yanaishika seli. Udogo wake sasa: huo mkono mrefu una kama nanomita 77, ukipanga elfu kumi na tatu hivi kichwa kwa mkia ndo zinafika milimita moja.

Laminini moja peke yake haina kazi. Seli inaitema nje, yale mafundo ya chini yanaikamata seli, mikono mifupi inabaki imetanuka inatafuta wenzake. Ncha ya alfa ya hii, ncha ya beta ya ile na ncha ya gama ya ile nyingine zinakutana, kalsiamu ikiwepo zinafungana, hapo pana kifundo kimoja cha wavu. Vifundo vikiongezeka mamilioni kwa mamilioni unapata wavu uliotandwa juu ya seli, kama jarife limetandazwa juu ya mtumbwi. Juu yake unakuja wavu wa pili wa kolajeni aina ya nne, kuna protini nyingine inaitwa nidojeni inazifunga nyavu mbili pamoja, na ya tatu perlekani, zikikamilika zote ndo tunapata kitu kinaitwa utando msingi. Ngozi yako ya juu imelala juu ya utando huo, mishipa ya damu imezungukwa nao, figo inachujia hapo, na kila uzi wa msuli umevalishwa soksi ya utando msingi.

Katika hao wote laminini ndo anatangulia kazini. Hili limeonekana kwenye panya wa maabara: ukiwaondolea uzi wa gama 1 mimba inakufa siku chache tu baada ya kujipandikiza, utando haujengeki kabisa, lakini ukiwaondolea kolajeni ya aina ya nne utando unaanza, mimba inafika kati ndo inaharibika kwa sababu utando hauna nguvu. Yaani kolajeni ni ya kuimarisha, wa kuanzisha ni laminini.

Ilivyogunduliwa nayo ni hadithi. Mwaka 1979 mtafiti Rupert Timpl na wenzake waliitoa kwenye uvimbe wa saratani ya panya, uvimbe ambao una tabia ya ajabu ya kutengeneza vitu vya utando msingi kwa wingi kupita kiasi, ndo wakapata ya kutosha kuichunguza. Tangu hapo zimejulikana aina tano za alfa, tatu za beta na tatu za gama zinazozungumziwa sana, zikichanganywa zinatoa laminini zaidi ya kumi na tano. Tangu 2005 zinaitwa kwa namba za nyuzi zake. Laminini 332 ni alfa 3, beta 3, gama 2, hiyo ni ya ngozi. 521 ni ya figo. Ya mwanao ni 211, hiyo ya misuli, na LAMA2 iliyoandikwa kwenye jibu lenu ndo jeni ya uzi wake wa alfa 2, na kwenye karatasi nyingine utaona wameiita merosini, usichanganyikiwe ni kitu kile kile.

Alafu angalizo dogo kabla sijasahau. Ukitafuta mtandaoni utakutana na lamini, bila hilo "ni" la pili, jeni yake LMNA. Hiyo ni protini nyingine kabisa inayokaa ndani ya kiini cha seli, nayo ikiharibika inaleta udhaifu wa misuli, na inasumbua sana mapigo ya moyo. Nimeshapokea mzazi amekesha analia kwa kusoma ugonjwa ambao sio wa mwanawe. Jeni yenu ni LAMA2, herufi kwa herufi.

Sasa twende kwenye msuli. Msuli ukijikunja nguvu inatoka ndani ya uzi wa msuli kwenda nje, lazima ipite kwenye ngozi nyembamba ya seli, na ngozi hiyo ni laini mno, peke yake ingechanika. Kwa hiyo ndani kuna protini inaitwa distrofini imeshika mitambo ya kujikunja, distrofini imeshika distroglikani ambayo imetokeza nje ya seli, na distroglikani imeshikwa na yale mafundo ya mwisho ya laminini 211. Pembeni kuna mshikaji mwingine, integrini, naye anashika mafundo ya juu kidogo. Ni mnyororo wa nanga kutoka ndani ya chombo hadi kwenye mwamba, na kwa mwanao pingu iliyokosekana ni ile ya nje kabisa. Kila akijitahidi kujikunja baadhi ya nyuzi zinaumia, zinavuja, na katika vinavyovuja kimo CK, kimeng'enya cha ndani ya msuli, ndo hicho mlichopima kwenye damu, ndo maana ni zaidi ya mara kumi ya kawaida. Nyuzi zinazokufa mwili unajaribu kuzirudishia lakini hauwahi, nafasi inajazwa makovu na mafuta. Mwili wenyewe unajaribu kuziba pengo kwa laminini yenye alfa 4, tatizo alfa 4 ni fupi, haina ule mkono wa kufungia wavu na inaishika distroglikani kwa ulegevu. Umeweka mchezaji wa akiba ambaye hana viatu.

Kwa hiyo kopo. Laminini nzima ni protini kubwa, ina uzito wa kama dalton 800,000 (dalton ni kipimo cha uzito wa molekuli), ukiimeza tumbo halijui kwamba hii ni dawa, linaikatakata kama linavyokata maharage na dagaa, vinavyoingia kwenye damu ni vipande vidogo ambavyo ungevipata kwenye yai moja la kuku. Na hata ingepita nzima, ingefikaje kwenye kila uzi wa msuli, kiwambo cha kupumulia, mgongo, mapaja, na kujisokota humo? Ndani ya hilo kopo siamini hata kama kuna laminini, geuza nyuma usome viambato, mara nyingi ni kolajeni ya ng'ombe au ya samaki, haina sumu ila sio hiyo. Nisikufiche, kuna utafiti ambapo panya wenye ugonjwa huu walidungwa laminini 111 na wakapata nafuu. Ila ilikuwa sindano, walikuwa panya, mpaka leo sio tiba ya binadamu. Muuzaji akikutajia utafiti huo mwambie daktari kakueleza.

Njia inayoeleweka ni seli zipewe uwezo wa kutengeneza zenyewe. Kwenye ngozi imewahi kufanyika. Kuna ugonjwa wa watoto ambao laminini 332 imekosekana, ngozi inabanduka kwa kuguswa tu. Mwaka 2017 ilitangazwa habari ya mtoto wa miaka 7, familia yake wakimbizi wa Syria, alitibiwa Bochum kule Ujerumani akiwa amebaki hana ngozi karibu mwili mzima, timu ya Michele De Luca wa Italia wakachukua seli kidogo za ngozi iliyobaki, wakaziwekea jeni ya LAMB3 (ile ya uzi wa beta 3) inayofanya kazi, wakazikuza zikawa mashuka ya ngozi, wakamvalisha kama asilimia 80 ya mwili, na akarudi shule. Ukisikia hivyo utaniuliza kwa nini wa kwangu asifanyiwe. Ngozi unaweza kuikuza nje ukairudisha, msuli huwezi kuuvua. Na virusi vinavyotumika kubebea jeni kwenda kwenye misuli vinabeba herufi za jeni 4,700 hivi, wakati maelezo ya LAMA2 ni zaidi ya 9,000, mzigo wa lori kwenye bajaji. Kwa hiyo watafiti wanatengeneza viunganishi vidogo vya kuifungia ile alfa 4 dhaifu, wengine wanaiamsha jeni ya LAMA1 (ya uzi wa alfa 1) ambayo kwenye msuli imelala, ilionyesha matumaini kwa panya mwaka 2019. Mimi nafuatilia kwa hamu. Ila mtu akikuambia leo aende nchi fulani akachomwe seli shina apone, hiyo ni biashara, msiuze kiwanja.

Kuhusu msalaba nitasema kwa heshima maana najua imani ndo imewafikisha hapa. Ni kweli kwenye darubini ya elektroni laminini 111 na 211 zilizotandazwa moja moja zinaonekana na mikono minne, hata vitabu vya chuo vinaichora hivyo. Lakini mikono hiyo inapinda ovyo, 411 ina umbo la Y, ile 332 ya ngozi ni kama fimbo tu, na ndani ya mwili zikishafungana wavu huo msalaba huuoni tena. Na hata "inaushikilia mwili mzima" ni chumvi kidogo, kolajeni, integrini na wengine wapo kazini. Anayetaka kumshukuru Mungu kwa utando msingi amshukuru, mimi mwenyewe hunishangaza, shida yangu ni hiyo namba ya simu iliyowekwa chini ya video.

Nije kwenye lile lililoniumiza zaidi, weupe wa MRI. Laminini ya alfa 2 haipo kwenye misuli tu, ipo pia kwenye utando wa vimishipa vya damu vya ubongo na kwenye seli zinazovisha mishipa ya fahamu (bakteria wa ukoma huishika hiyo hiyo ili kuingia kwenye neva, ilionyeshwa mwaka 1997, usishtuke mwanao hana ukoma, nakuonyesha tu ilipo). Ikikosekana, sehemu nyeupe ya ubongo inang'aa kwenye MRI kwa namna ya kutisha, karibu watoto wote wenye upungufu mkubwa wanakuwa nayo kuanzia umri wa mwaka hivi. Lakini picha haiendani na akili! Wengi wao wana akili ya kawaida, wanaongea, wanasoma, wanabishana na wazazi wao. Wachache ubongo umejipanga vibaya kweli na wanachelewa kiakili, na baadhi wanapata degedege, hata miaka baadae. Kwa hiyo mpime mwanao kwa anavyokuangalia, anavyocheka, anavyoelewa jina lake, usimpime kwa karatasi ya MRI. Na umuongeleshe kama mtoto yeyote, ukishaamini kichwani hamna kitu hutamuongelesha, na hapo ndo atachelewa kweli.

Chanjo haihusiki. Kasoro hii ilikuwepo toka siku mimba inatunga, na nadhani ukikumbuka vizuri alikuwa analia kwa sauti ndogo na kunyonya kwa kuchoka. Watu hulaumu chanjo kwa sababu ile miezi ya chanjo ndo ile ile tunayoanza kutegemea mtoto akaze shingo. Wa kwako ndo anahitaji chanjo kuliko wengine, ya nimonia hasa, kifua ndo adui yake.

Mama mkwe sasa. Ugonjwa huu unarithiwa kwa mtindo wa pande mbili, jeni kila mtu ana nakala mbili, wewe nakala moja mbovu na moja nzima, mumeo vivyo hivyo, na kwa sababu moja nzima inatosha nyote mna afya. Mtoto kachukua mbovu ya kwako na mbovu ya baba yake. Bila upande wa baba kwa kawaida asingeugua. Nakala mbovu inaweza kutembea ukoo mzima vizazi na vizazi bila mgonjwa hata mmoja, kwa hiyo "kwetu haupo" ni kweli na bado haimaanishi kitu. Ukiona vigumu kumueleza mumeo na mama yake, njooni wote kliniki nitawachorea mimi, nishaokoa ndoa mbili tatu kwa kalamu na karatasi. Kwenye uzazi mwingine, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa na ugonjwa, na kila mimba inaanza hesabu upya, sio kwamba mmoja ameshaugua basi watatu wanaofuata wako salama. Kwa kuwa kasoro yenyewe imeshajulikana, mimba inaweza kupimwa mapema, kuanzia wiki ya 11 hivi, mara nyingi sampuli inapelekwa nje na ni gharama. Kuna wanaopima, kuna wanaosema tutapokea atakachotupa Mungu, kuna wanaoamua kuishia hapo. Sina jibu moja la kukupa, ila kabla ya mimba nyingine hakikisheni nyote wawili mmepimwa, na ile ripoti msiipoteze.

Atatembea? Inategemea laminini yake imekosekana kabisa au imepungua tu. Wenye iliyopungua wengi wanatembea, wakichelewa. Walioikosa kabisa wengi wanafika kukaa, kutembea wenyewe ni wachache. Kwa alivyo sasa jiandaeni kwa kukaa na kiti cha magurudumu, ikizidi hapo ni furaha.

Hiyo 185,000 ya kopo la pili ipelekeni kwenye mazoezi ya viungo. Tafuta mtu wa fiziotherapi, kama mko Dar hospitali ya CCBRT wanafanya, mikoani anza na hospitali ya rufaa, akufundishe kunyoosha vifundo vya miguu, magoti, nyonga na viwiko, alafu ufanye mwenyewe nyumbani kila siku, taratibu, baada ya kumuogesha misuli ikiwa na joto. Viungo vyao vinakaza mapema, kikishakaza kukirudisha ni kazi. Muulize pia kuhusu vifaa vya kushikilia miguu usiku na ubao wa kusimamia, fundi seremala mzuri anautengeneza ukimpa vipimo. Mtoto asilale chali siku nzima.

Kula, mkalishe wima, uji mzito kiasi, kidogo kidogo mara nyingi, mpime uzito kila mwezi. Akiwa anakohoa au anapaliwa kila akimeza usimlazimishe na usimlaze ukamnywesha, hapo anahitaji kuonwa maana chakula kinaingia mapafuni. Unga wa kopo nao ukiendelea kuukoroga kwenye maji mepesi utampalia bure.

Kupumua ndo nalotaka ulichukulie kwa uzito kuliko yote. Misuli ya kupumua huchoka kwanza usiku, mchana humuoni na tatizo. Akianza kuamka amelowa jasho, kulia kila asubuhi bila sababu, kusinzia mchana, kukonda, au nimonia za kujirudia, mwambie daktari apimwe oksijeni akiwa amelala, kuna mashine za kumsaidia kwa barakoa. Ikitokea mbavu zinaingia ndani, pua zinatanuka, midomo imekuwa ya bluu, au degedege limepita dakika 5, hiyo ni hospitali muda huo huo, usiandike meseji kwangu wala kwa mtu yeyote. Moyo nao apigwe picha mara moja moja, mgongo uangaliwe usipinde.

Na mkifika siku ya kupasuliwa kitu chochote, hata kama ni jino, mwambie mtu wa dawa ya usingizi kabla hajaanza kwamba mtoto ana ugonjwa wa misuli wa LAMA2. Kuna dawa moja ya kulegeza misuli inaitwa suksinilikolini, kwa watoto hawa ni hatari. Iandike nyuma ya kadi yake ya kliniki kwa kalamu ya wino. Dawa za steroidi nazo, zile wanazopewa watoto wenye ugonjwa wa distrofini, kwa huu hazijathibitishwa, mtu akikuandikia muulize kwa nini.

Kliniki ijayo beba ripoti ya vinasaba, CD ya MRI na rekodi za uzito, na uombe waandike rufaa ya daktari wa watoto wa neva, sio wa mifupa, mara nyingi mnarushwa kwa wa mifupa kwa sababu mtoto hatembei. Kopo usilitupe, nenda nalo, nataka na wao wakisome hicho kibandiko.